Mateka wa vita akiteswa ndo atasema ukweli?

SWALI: Shikamoo kaka mhariri. Huku kijiweni Majengo tumebishana sana, wenzangu wanasema mateka wa vita kama anajua bomu limefichwa wapi basi apigwe mpaka aseme, watu wapone. Ni sawa kweli? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hapana, sio sawa, na hata huo ukweli hamuupati, mtu akizidiwa na maumivu anasema chochote mradi aachwe. Mwangalie Ibn al-Shaykh al-Libi, Mlibya aliyekamatwa kwa kuhusishwa na al-Qaeda, Wamarekani walimpeleka Misri, akabanwa huko akasema Iraki inawafundisha al-Qaeda mambo ya silaha za kemikali, Februari 2003 Colin Powell, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akayabeba maneno hayo mpaka Umoja wa Mataifa, mwezi uliofuata vita ya Iraki ikaanza, na 2004 jamaa akayakana yote. Watu wangapi wamekufa pale jamani! Halafu kuna Hanns Scharff, Mjerumani aliyekuwa anahoji mateka kwenye vita kuu ya pili, yeye marubani wa Marekani waliokamatwa alikuwa anatembea nao msituni wanapiga stori tu, na siri akazipata bila kofi. Mkataba wa Geneva wa 1949 unamtaka mateka ataje jina, cheo, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya jeshi, basi. Na Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa, waambie wenzako waisome.