Unachokiamini Moyoni: Majibu ya Barua Zenu

*Mwanangu ana miaka 15, amefeli mtihani wa Kidato cha Pili. Nikimwambia adurusu, ananijibu: "Kichwa changu kizito, ndivyo nilivyoumbwa." (Mama, Wete)*

Dada yangu, kinachomfunga ni hilo "ndivyo nilivyoumbwa". Mwanasaikolojia wa Marekani, Carol Dweck, ameeleza kwamba mtoto anayeamini akili haikui huliona kila kosa kuwa hukumu, akaacha kujaribu. Msifu kwa hesabu aliyoirudia mara tatu. Na tafadhali, asifananishwe na kaka yake.

*Nimejifungua miezi miwili iliyopita. Nalia kila usiku, naona Mungu ananiadhibu. Shangazi anasema nina shetani. (Mjini, Unguja)*

Mwanangu, pole sana. Huzuni ya uzazi ikizidi wiki mbili huwa ni maradhi, na yanatibika. Imani yako ni nguzo, usiiache. Dua na kisomo viendelee. Ila kuna tofauti kubwa kati ya kuamini Mungu yuko nawe kwenye dhiki na kuamini amekutupa. Imani ya kwanza humtuliza mtu, ya pili humzidishia mzigo, na Kenneth Pargament, mwanasaikolojia wa Marekani anayechunguza imani na dhiki, ameliandika hilo kwa miaka mingi. Wiki hii, unapompeleka mtoto kliniki, mwambie muuguzi yote uliyoniandikia. Akikuelekeza Kidongo Chekundu, hospitali ya maradhi ya akili, nenda. Wapo wanaotibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Likikujia wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwamshe mtu hapo hapo mwende hospitali, msingoje kukuche.

*Nina miaka 69. Nilikuwa mchumaji karafuu, sasa sipandi tena. Kwa mzee kilichobaki ni kungoja kaburi. Hata barazani siendi. (Mkoani)*

Shikamoo mzee wangu. Mwaka 2002 Becca Levy wa Chuo Kikuu cha Yale na wenzake walichapisha utafiti wa watu 660 wa Ohio, wa miaka 50 na zaidi. Walioutazama uzee wao kwa matumaini waliishi, kwa wastani, miaka 7.5 zaidi ya wenzao. Naona sababu mojawapo kwenye barua yako: anayeamini amekwisha hatoki, hatembei, na presha haendi kupimwa.

Magoti yamechoka, sibishani nawe. Lakini macho yako bado yanaijua karafuu iliyofika kuchumwa na ile inayokaribia kuchanua. Vijana wanavunja matawi kwa pupa. Msimu ukifika, chukua kigoda ukae chini ya mkarafuu, uwaelekeze. Leo alasiri anza na barazani, hata kama hamu huna. Halafu niandikie, nataka kujua walikupokea vipi.