Msitoke hospitali bila dawa za stenti mkononi

Ndugu, sentensi yako ya mwisho imenifanya niache kila nilichokuwa nafanya. Umeandika: "Mjomba anasema huku Johannesburg tuchukue vidonge vya siku chache tu, vingine tutanunua Lubumbashi kwa bei nafuu." Hapana, hapana. Msifanye hivyo. Umeuliza kama mkatae papa, aliyewekewa stenti (kijibomba cha kushikilia mshipa wa moyo usizibe) baada ya mshtuko wa moyo, kutolewa hospitali siku ya tatu, kama anaweza kupanda ndege, ale nini, arudi lini kwenye gereji yake. Sawa, ni maswali ya maana. Lakini hilo la dawa, uliloliandika kama jambo lililokwisha kuamuliwa, ndilo linaloweza kumwua. Na umesema wanamtoa kesho kutwa.

Siku ya tatu isiwatie hofu. Hakuna anayewafukuza. Mgonjwa aliyefunguliwa mshipa mapema, stenti ikakaa vizuri, maumivu yakaisha, mapigo na tansyo (presha ya damu) vikatulia, anaweza kwenda nyumbani. Madaktari wa moyo wa Ulaya waliandika katika mwongozo wao wa 2017, wakarudia ule wa 2023, kwamba mgonjwa asiye na hatari kubwa anaweza kutoka ndani ya saa 48 hadi 72. Wazee wetu wanashtuka kwa sababu wanakumbuka enzi nyingine. Rais Eisenhower wa Marekani alipopatwa na mshtuko wa moyo Denver mwaka 1955, alikaa hospitali karibu wiki saba. Stenti hazikuwapo bado, na tiba kubwa ilikuwa kulala. Leo kulala bila sababu kunaleta mabaya yake: damu kuganda miguuni, maambukizi ya hospitali, nguvu kuisha. Kwa hiyo msigombane na dokta, wala msilipie kitanda kwa woga. Hela hiyo ina kazi nyingine.

Lakini mwongozo huo una nusu ya pili, nayo familia nyingi haziisikii kwa furaha ya kuambiwa "mnaweza kwenda". Unasema atoke mapema iwapo ufuatiliaji wake umeshapangwa. Yaani inajulikana nani atampima, lini, na dawa zake zinatoka wapi. Ukishatua uwanja wa ndege wa Luano na kufika nyumbani kwenu Katuba, hakuna nesi atakayepiga simu kuuliza kama papa amekunywa kidonge cha asubuhi. Ufuatiliaji ni wewe na mama.

Sisi papa wetu tulimrudisha mapema hivyo hivyo. Stenti ilipitishiwa kwenye mshipa wa mkono, pale pale tunapovalia saa. Alipofika nyumbani palikuwa na alama ndogo kama mtu aliyechomwa na mwiba, na bluu kidogo iliyoanza kugeuka njano. Watu wakajaa kwenye parsele, uani kwetu. Kila aliyeingia alitaka kuona alipopasuliwa. Papa anakunja mkono wa shati, wanachungulia ile alama, wanatazamana. Baba mdogo mmoja akasema mbele ya wote: "Kumbe haikuwa kitu kikubwa." Na papa, ambaye wiki hiyo hiyo alikuwa ameshaaga watoto wake, akalipenda neno hilo kuliko yote aliyoambiwa na madaktari. Ikachinjwa mbuzi ya shukrani. Soda, bia, mchele, transpor ya wageni wa mbali. Hela ya dawa ilitoka humo, kidogo kidogo, na kila mmoja alisema itarudishwa.

Vidonge vya klopidogreli, dawa ya kuzuia damu isigande kwenye stenti, vilipokaribia kwisha nikatumwa mimi. Duka la kwanza hawana. La pili hawana. La tatu nikamkuta muuzaji wa koti jeupe, kalamu mfukoni, anaongea kwa upole kabisa. Akaichukua ordonansi, karatasi ya dawa aliyoandika dokta, akaitazama juu juu, akanirudishia. "Dozi ya mwezi ameshamaliza," akasema. "Hizi ni kama antibiotiki, ukizidisha damu inakuwa maji. Mpe aspirini peke yake, inatosha." Akaongeza na diklofenaki, dawa ya maumivu, kwa ajili ya goti la papa. Nikalipa, nikamshukuru.

Ile ordonansi ilikuwa imekunjwa mara mbili, na pale kwenye mkunjo, wino ulipofifia, paliandikwa: miezi 12. Yule mtu hakuifungua. Baadaye nilikuja kujua kwamba hakusomea dawa hata siku moja, ni shemeji wa mwenye duka, na koti alipewa ili wateja wamwamini. Bado nina hasira naye. Angesema tu "hatuna", ningekwenda duka la nne, la tano, ningeazima hela, ningempigia simu mtu wa Kasumbalesa, mpakani, anitafutie upande wa Zambia. Alichofanya ni kukosa dawa, halafu akaigeuza dawa aliyoikosa kuwa dawa isiyohitajika. Mpaka leo bado anauza, na kuna mama zetu wanaomwita dokta.

Ngoja nikueleze kwa nini kidonge hicho hakikatizwi, ili mjomba akibisha uwe na la kumwambia. Stenti ni kijibomba cha wavu wa chuma, kimeachwa ndani ya mshipa wa moyo kiushikilie usizibe. Damu ikigusa chuma inataka kuganda, kama inavyoganda kwenye jeraha. Inachukua miezi hadi ngozi laini ya ndani ya mshipa ikue na kuufunika wavu wote. Kwa muda huo aspirini na klopidogreli zinashirikiana kuzuia chembe za damu zisishikamane. Ukiondoa moja mapema, unaacha chuma kitupu kwenye damu. Stenti ikiziba, inaziba ghafla, na mshtuko wake mara nyingi huwa mbaya kuliko wa kwanza.

Na kilichotudanganya zaidi ni kwamba nguvu ya klopidogreli haiishi siku unayoacha. Inabaki mwilini siku 5 hadi 7 hivi. Papa aliacha, akaamka salama, kesho yake salama, akafurahi kwamba tumbo limetulia. Sote tukasema muuzaji alisema kweli.

Ilimkuta alfajiri. Jasho lilikuwa limelowesha fulana mpaka mgongoni, na alikuwa ameshika meza kwa mikono miwili. Akasema ni gesi. Akapewa maji ya moto na tangawizi, tukangoja kupambazuke. Tulipompeleka, moyo ulikuwa umeshaharibika sehemu kubwa. Yuko hai, namshukuru Mungu kila siku. Ila ekografia (picha ya moyo) ya kwanza, ile ya baada ya stenti, ilionyesha moyo unasukuma vizuri, na ya pili ilionyesha chini ya asilimia 35. Papa aliyekuwa anabeba magunia ya makala (makaa) peke yake, leo akitoka chumbani mpaka kwenye mwembe anasimama njiani apumue. Na gharama ya safari ya pili ya matibabu ingetosha kununua vidonge hivyo kwa miaka mingi.

Kwa hiyo nisikilize. Kabla mama hajasaini karatasi ya kutoka, dawa ziwe mkononi. Sisemi ordonansi, nasema vidonge vyenyewe, kwenye mfuko. Mwombeni dokta awaandikie za muda mrefu kadiri anavyoruhusiwa, mchukue jenerike, yaani dawa ile ile isiyo na jina la kampuni kubwa, ndiyo bei aliyoizungumzia mjomba, na mnunue miezi mingi kadiri duka litakavyokubali. Mkikosa hela, punguzeni tiketi ya mtu mmoja, ahirisheni zawadi, ahirisheni mbuzi. Hasa ahirisheni mbuzi.

Mwombeni pia aandike kwa herufi kubwa, kando ya kila dawa, tarehe ya mwisho, au "maisha yote". Aspirini kwa kawaida ni ya maisha. Ile ya pili kwa kawaida ni miezi 12, lakini ya papa wako ataisema dokta aliyeweka stenti, na yeye peke yake ndiye wa kusema iishe. Chukueni namba yake. Iandikeni nyuma ya karatasi na kwenye simu ya mama. Mtu yeyote atakayetaka kusimamisha kidonge, awe muuzaji, mchungaji, shangazi au daktari wa meno anayetaka kung'oa jino, ampigie huyo kwanza. Damu ikitoka puani kidogo, mbanie pua, msikatize dawa. Akitoa choo cheusi kama lami au akitapika damu, ni hospitali moja kwa moja, na huko wataamua wao.

Na mwulizeni leo hii: ile dawa ya pili ni klopidogreli au tikagrelori? Tikagrelori inanywewa asubuhi na jioni, ni ghali, na kwetu kuipata ni shida. Kama ndiyo aliyomwandikia, mwambieni mnaishi Lubumbashi. Anaweza kuibadilisha yeye mwenyewe kwa kipimo kinachofaa mkiwa bado huko. Msije mkaibadilisha nyinyi kwenye kaunta ya duka.

Goti likimwuma, parasetamoli. Diklofenaki na ibuprofeni mziondoe nyumbani kabisa, maana zinaongeza hatari ya moyo na ya kutoka damu tumboni. Watu wanazimeza kwetu kama karanga.

Jambo jingine ambalo hukuliuliza. Papa akifika nyumbani mapema, woga unamfuata huko huko. Hospitali kulikuwa na mashine inayolia, na nyumbani usiku ni yeye na kifua chake. Wetu alikuwa halali, anajishika mshipa wa shingo kuhesabu mapigo, anamfokea mama kwa chumvi. Karibu mtu mmoja kati ya watano baada ya mshtuko wa moyo anaingia kwenye huzuni nzito inayohitaji tiba, na mwenye huzuni hiyo ndiye anayesema "niacheni na vidonge vyenu". Mkimwona amenyamaza siku nyingi, mwambieni dokta kama mnavyomwambia maumivu. Wageni waje wachache. Mwekeni mlangoni shangazi mmoja asiyeogopa kusema "amelala". Na atembee, kwanza ndani ya parsele, kisha mpaka mwisho wa avenue, kila siku kidogo zaidi, na mtu kando yake.

Chakula: bukari (ugali) na sombe (majani ya muhogo) ale, mafuta kidogo, makayabu, samaki wa chumvi, aiache kwa sababu ya chumvi. Sigara asiguse tena.

Kifua kikibana tena, msingoje kupambazuke, wala msimpe tangawizi.

Sasa nenda wodini, piga picha ordonansi yote, hata sehemu iliyokunjwa, ufiche jina la papa na la dokta, uiweke hapa. Nitakwambia zipi nimeziona zikikosekana mjini, hizo mzinunue huko huko kesho.