Swali: Binti yangu wa miezi 4 halali mchana wala usiku, nifanyeje?

Swali: Shikamoo nesi. Niko Uyole hapa Mbeya, nina binti wa miezi 4, ananyonya tu hajaanza uji na kliniki wanasema uzito uko vizuri. Shida ni usingizi. Mchana nikimlaza kitandani anapiga dakika 25 kaamka, labda mara nne kwa siku, akilala kidogo vizuri ni mgongoni, kama lisaa limoja asubuhi na lisaa lingine mchana mpaka saa 11 jioni. Hapo tunamchangamsha asilale tena mpaka saa 4 usiku baba yake akirudi, ili alale fofofo, lakini wapi, anaamka kila baada ya lisaa au mawili mpaka saa 12 asubuhi. Mama mkwe anasema ni chango, jirani kaniletea Piriton. Nimechoka mpaka nalia naye.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, pole sana, nimekusoma mara mbili. Kwanza kabisa hiyo Piriton mrudishie mwenyewe, usimpe hata tone. Ile ni dawa ya mzio, kusinzisha ni madhara yake tu, na kwa kichanga inaweza kumletea shida ya kupumua, wengine ndo wanachachamaa usiku kucha badala ya kulala. Na kama kuna mtu atakuletea asali ya kumlambisha, hiyo pia hapana mpaka afikishe mwaka mmoja, na uji subiri miezi 6, uji haumlazi mtoto.

Sasa tupige hesabu, maana hapa kina mama wengi mnahesabu usingizi wa kitandani tu, wa mgongoni mnaona kama sio usingizi, wakati ule ni usingizi kamili. WHO wanasema mtoto wa miezi 4 hadi 11 alale masaa 12 hadi 16 kwa siku nzima, mchana na usiku ukijumlisha. Wa kwako usiku ni saa 4 hadi saa 12, masaa 8, toa hata lisaa na nusu la kuamka amka yanabaki 6 na nusu, mgongoni mawili, na vile vya dakika 25 mara nne ni lisaa limoja na dakika 40. Jumla masaa 10 na dakika 10. Kwa hiyo uko sahihi, usingizi haumtoshi, kapungukiwa kama masaa mawili hivi, na ukiangalia vizuri yanapotelea jioni.

Kutoka saa 11 jioni mpaka saa 4 usiku ni masaa matano mtoto yuko macho! Wa umri huo wengi wanavumilia lisaa limoja na nusu hadi mawili, basi. Najua mnamchelewesha kwa nia njema, ni kitu tunachoambiwa wote, kwamba ukimchosha atalala sana, ila kwa mtoto mdogo inakuwa kinyume, akipitiliza uchovu analia, anakakamaa, anakataa hata ziwa, na akija kulala usingizi ni wa kukatika katika. Hicho kilio cha jioni ndo mama mkwe anakiita chango.

Kwa hiyo leo usiangalie saa sana, muangalie yeye. Akianza kupikicha macho, kukwepa kukutazama, kupiga miayo, hapo hapo mpeleke kulala, usisubiri alie. Saa 11 akiamka, mpe kausingizi kafupi kama saa 12 na nusu jioni hata kwa mgongo, halafu saa 2 usiku taa ipunguzwe, tivii izimwe au mhamie chumbani, mnyonyeshe, alale. Baba yake atamkuta kalala, amchukue asubuhi. Namaanisha kweli: ukishamnyonyesha saa 11 alfajiri baba amchukue mpaka saa 12 na nusu, wewe ulale, ziwa ni lako lakini kubembeleza sio kwako peke yako.

Dakika 25 zisikutishe. Usingizi wa watoto unakwenda kwa mizunguko mifupi, hata lisaa haufiki, na karibu na miezi 4 ndo unabadilika wanaanza kuamka amka, wengi wanapita hapo. Akishtuka usimnyanyue haraka, weka kiganja kifuani, mnong'oneze, subiri kidogo, mara nyingine anarudi mwenyewe.

Halafu kuna baridi yetu. Mtoto anatoka mgongoni kwako kwenye joto anatua kwenye shuka la Uyole la mwezi wa 6, lazima aruke. Mshushe na kile kitenge chake, kitandaze chini yake kabisa kisimfikie usoni, tanguliza makalio halafu kichwa, alale chali. Usimrundikie masweta matatu na kofia ndani ya nyumba, mguse shingoni, kama kuna jasho punguza nguo, mikono kuwa ya baridi sio kipimo. Na jiko la mkaa lisilale chumbani hata kama limebaki makaa tu, ile hewa yake haina harufu na inaua familia nzima ikiwa usingizini. Kama mnalala naye kitanda kimoja, blanketi zito liwe mbali naye, na siku baba kanywa asilale pembeni ya mtoto.

Mlete kituoni siku hiyo hiyo akikataa kunyonya, akiwa na homa, akipumua haraka, akilegea au ikiwa shida kumwamsha, utosi ukivimba au akipata degedege.

Na wewe je? Kulia kwa uchovu naelewa, ila kama umefika wiki mbili unalia karibu kila siku, au mtoto kalala wewe usingizi hauji, au yanakuja mawazo ya kumdhuru au kujidhuru, usingoje tarehe ya kliniki, njoo useme hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi, huo ni ugonjwa na una matibabu, hakuna atakayekuona mama mbaya. Siku ukizidiwa na kilio, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika tano upumue, halafu rudi.

Chukua daftari uandike anapolala na anapoamka, hata vya mgongoni, siku saba, kisha niandikie tena pamoja na uzito ulioko kwenye kadi, tuhesabu upya.