Mmea wa Kutambaa Ukutani: Angalia Utashika Nini Kabla ya Kuangalia Ua

Anayekwenda kwenye kitalu cha kando ya barabara kutafuta mmea wa kupandisha ukutani huchagua kwa ua. Bogenvilia iliyokolea zambarau inamvuta, analipa, na swali la mmea huo utashika nini halimjii mpaka afike nyumbani. Ni afadhali safari ianzie ukutani, kwa sababu mitambaazi haipandi kwa namna moja, na usiopata kishikio chake ama hulala chini ama hubomoa ulichonacho.

Mpasheni una vikono, vile vijiuzi vinavyojiviringa kama springi. Kikono hakiwezi kuzunguka nguzo nene, kwa hiyo upe waya au wavu. Pyrostegia venusta, yenye maua ya rangi ya chungwa yaliyofunika nyua nyingi za Nairobi, nayo hutumia vikono. Thunbergia grandiflora hujisokota yenyewe kwenye chochote kilichosimama. Ficus pumila, ile yenye majani madogo yaliyolala bapa juu ya mawe, hujibandika kwa vijizizi na haihitaji waya hata mmoja. Bogenvilia, asmini na alamanda huegemea tu. Usipozifunga mwenyewe zitabaki vichaka virefu vilivyoinama njiani.

Sasa utazame ukuta. Wa mawe ya kuchonga, usiopakwa plasta, unaivumilia Ficus pumila vizuri. Wenye plasta na rangi usiipe: siku ukiiondoa, vijizizi vinabaki kama madoa ya kahawia na rangi inabanduka navyo. Nyumba za zamani za mawe ya matumbawe na chokaa, kama za Lamu na Mji Mkongwe, ndizo za kuogopea zaidi, maana chokaa ni laini na vijizizi huingia kwenye nyufa. Hapo funga waya mbali na ukuta, uweke mmea wa kuegemea.

Waya wa mabati wa milimita 2.5 hadi 3 unatosha. Unapitishwa kwenye skrubu zenye pete, kila baada ya mita 1.5 hivi, na unakaa sentimita 5 hadi 8 kutoka ukutani ili hewa ipite na shina lipate pa kunenepa. Mstari wa kwanza uwe sentimita 40 kutoka ardhini, na inayofuata ipande kwa kipimo hichohicho. Wavu wa seng'enge peke yake unafaa mpasheni, lakini bogenvilia ya miaka 5 iliyolowa mvua ni mzigo mwingine. Upepo wa kusi ukiipiga, wavu unalala na nguzo zake. Nguzo za miti huliwa na mchwa kwenye usawa wa udongo, mahali ambapo huoni. Bomba la chuma au nguzo ya zege ni gharama ya mara moja.

Kijani cha mwaka mzima nacho kina masharti. Kwetu hakuna theluji ya kuangusha majani, ila kiangazi kipo. Bogenvilia ikikosa maji kwa muda mrefu hupukutisha majani na kubaki maua na miiba. Anayetaka rangi atafurahi. Anayetaka kujisitiri na macho ya jirani atajuta. Ukiimwagilia kila siku ili ibaki na majani, inaota majani matupu bila ua. Mbolea yenye naitrojeni nyingi, kama CAN au urea, huleta tatizo lilelile. Na kwenye nyanda za juu zinazopata jalidi, kama sehemu za Njombe au Limuru, machipukizi yake huungua. Kwa pazia la kweli, bogenvilia si chaguo la kwanza, hata kama kila mtu anayo.

Pwani, chaguo letu la kwanza ni asmini. Majani yake hukaa mwaka mzima ikipata maji ya wastani, haina miiba, na maua yake hufunguka jioni, wakati watu wako barazani. Wanaotunga vikuba hawahitaji kushawishiwa. Haipandi sana, mita 2 hadi 3, kwa hiyo ni ya dirishani na nguzo za baraza, si ya kufunika ukuta wa ghorofa. Huchanua kwenye machipukizi mapya. Ikiacha kuchanua, ipogoe theluthi moja ya urefu, na maua yatarudi pamoja na matawi mapya.

Alamanda ya maua makubwa ya njano hupenda jua kali na joto. Utomvu wake mweupe huwasha ngozi, na mmea wenyewe ni sumu ukiliwa, basi usiupande penye watoto wadogo, na uvae glavu unapopogoa. Tatizo lake kubwa pwani ni njano ya majani: jani linapauka huku mishipa ikibaki kijani. Wengi huongeza maji, wengine huongeza majivu. Majivu yanazidisha ugonjwa. Udongo wa matumbawe, au uliojaa mabaki ya saruji ya mafundi, una chokaa nyingi, na mmea unashindwa kufyonza madini ya chuma. Chimba, toa mabaki, jaza mboji. Ukiwa na haraka, nunua duka la pembejeo mbolea ya chuma ya kunyunyizia majani.

Mpasheni unafunika haraka kuliko yote na unalisha, ila hauzeeki vizuri: panga kuubadilisha baada ya miaka 3 hadi 5. Wenye tunda la zambarau ni wa nyanda za juu, wenye tunda la njano ni wa pwani na joto. Mche mmoja wa njano peke yake mara nyingi huchanua na kuangusha maua bila tunda, kwa sababu haukubali chavua yake wenyewe. Panda miwili iliyotoka kwenye mbegu tofauti, si vipandikizi vya mama mmoja, na usiwaue wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao. Ndio wanaobeba chavua. Kwa wa zambarau, tafuta uliobebeshwa, yaani uliounganishwa, kwenye shina la njano, ambalo huvumilia zaidi ugonjwa wa mnyauko, na usifukie kiungo chake udongoni. Ukikifukia, shina la juu litaota mizizi yake na kinga umeipoteza.

Wakati wa kupanda ni mvua zinapoanza, masika au vuli. Shimo liwe la sentimita 60 kila upande, na katikati yake pawe sentimita 45 kutoka ukutani, si pale chini kabisa ya msingi: hapo paa huzuia mvua na saruji iko karibu. Changanya udongo wa juu na debe moja la samadi iliyooza. Mbichi huunguza mizizi. Kabla ya kununua, chungulia chini ya kifuko. Mizizi inayozunguka kama kamba ni dalili kuwa mche umekaa humo muda mrefu. Uache, hata kama una maua. Inamisha mche kuelekea ukutani, mwagilia lita 10 mara 2 kwa wiki kwa miezi 3 ikiwa mvua haitoshi, kisha punguza.

Kazi inayoamua kama ukuta utakuwa kijani au mifupa huja baada ya hapo, na wengi huiruka. Chipukizi likiachwa lipande wima, nguvu yote huenda kwenye ncha na macho ya chini, yale yanayotoa matawi, hulala. Baada ya miaka 2 una mwavuli juu na mashina makavu chini. Mche ukifika waya wa kwanza, kata ncha. Matawi yatakayotoka yavute pembeni, karibu yalale sambamba na waya, uyafunge kwa kamba laini kwa umbo la nane. Tawi lililolazwa huamsha macho yake yote. Likijaa upande wake, ndipo ruhusu moja au mawili yaende waya wa pili. Kwa mimea iliyokwisha kuvuliwa nguo chini, kata theluthi ya mashina ya zamani mpaka sentimita 30, mwanzo wa mvua, na urudie mwaka unaofuata kwa theluthi nyingine. Bogenvilia na alamanda huchipua bila shida.

Thunbergia grandiflora, yenye maua mazuri ya samawati, tunaikataa kwenye viwanja vidogo. Hupanda miti ya jirani, huifunika ikakosa mwanga, na ukiikata huchipua tena kutoka kwenye viazi vyake vya ardhini. Ikiwa tayari unayo, chimba viazi vyote uvianike juani mpaka vikauke, usivitupe bondeni.

Juu nako paachwe nafasi ya nusu mita kati ya majani na paa. Mitambaazi hupenya chini ya vigae, huziba mifereji, na panya hawahitaji ngazi nyingine.