Wakulima wa Marekani walilipwaje fedha za korona?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkulima wa korosho wa miaka mingi. Kijana wangu amesoma kwenye simu kwamba wakati wa korona serikali ya Marekani iliwalipa wakulima wake fedha kupitia kaunti zao. Naomba unieleze, walilipwa kwa kigezo gani, na kwa nini sisi hatukulipwa?
Mkulima, Newala, Mtwara

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Alichokusomea kijana ni kweli. Mwezi Aprili 2020 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitangaza mpango wa dola bilioni 19, ambapo bilioni 16 zilikuwa za kuwalipa wakulima na wafugaji moja kwa moja, na bilioni 3 za kununua vyakula na kuvigawa kwa wenye uhitaji. Shule na migahawa ilikuwa imefungwa, viwanda vya nyama vikasimama, na maziwa yakamwagwa kwa kukosa mnunuzi.

Kwa sehemu kubwa yaliyolipiwa ni mazao na mifugo ambayo bei yake ilishuka kwa asilimia 5 au zaidi kati ya katikati ya Januari na katikati ya Aprili. Kuanzia tarehe 26 Mei mkulima alipeleka maombi katika ofisi ya wizara hiyo iliyo kwenye kaunti yake. Mfugaji, kwa mfano, alilipwa dola 33 kwa kila ng'ombe aliyekuwa naye zizini kati ya katikati ya Aprili na katikati ya Mei. Mtu mmoja hakuweza kupata zaidi ya dola 250,000, na mwanzoni alipewa asilimia 80 tu ya stahili yake. Mwenye vingi alipata vingi, jambo ambalo kwangu si haki, kwa kuwa mwenye ng'ombe kumi ndiye asiyekuwa na akiba.

Kwetu Tanzania, fedha za korona zilipita njia nyingine. Mkopo wa shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, ambao mpango wake ulizinduliwa Oktoba 2021, ulielekezwa kwenye huduma za wote: madarasa 15,000, maji, afya na mengineyo.

Lakini kuna jambo katika swali lako ambalo naliona kubwa kuliko dola zenyewe. Mkulima wa Marekani alijaza fomu kwa mkono wake na kuaminiwa, akitakiwa tu kutunza vielelezo endapo angekaguliwa, na wengi wao majalada yao yalikuwa tayari katika ofisi ile ile, yenye jina, shamba na akaunti. Sisi tuliyaona ya kwetu mwaka 2018, Rais Magufuli alipotangaza tarehe 12 Novemba kwamba serikali itanunua korosho yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Malipo yalitanguliwa na uhakiki, na ulikuwa na sababu, kwani wanunuzi wa kangomba, yaani walanguzi wanaonunua korosho kwa wakulima nje ya utaratibu, walikuwa na magunia bila kuwa na mkorosho hata mmoja. Hata hivyo, uhakiki huo uliwakwaza pia watu waaminifu.

Msimu ule nilikutana na mama mmoja wa Tandahimba kwenye uwanja wa chama cha msingi cha ushirika, amefunga stakabadhi nne za korosho kwenye pindo la kitenge. Tatu zilikuwa na jina la marehemu mumewe, na ya nne ilikuwa na jina lake lililopungua herufi moja, hivyo halikulingana na la akaunti ya benki. Mikorosho aliipalilia mwenyewe, na korosho aliziokota mwenyewe, lakini kwenye karatasi hakuwa mkulima.

Kwa hiyo, mzee wangu, kabla mizani haijafunguliwa msimu ujao, nenda kwenye chama chako na kitambulisho cha Taifa na kadi ya benki, umwombe katibu akusomee jina lako kwenye daftari herufi kwa herufi, pamoja na idadi ya mikorosho. Kama mama wa nyumbani kwako ana shamba lake, mwende pamoja, naye aandikwe kwa jina lake.