Usimpe huyo mtu hata shilingi: dhamana si kununua kesi

Kaka mleta mada, kama hizo laki tisa bado ziko mfukoni, zibaki humo humo. Mpwa wako amekamatwa Ijumaa na simu inayosemekana ni ya wizi. Mtu mmoja nje ya kituo amekuambia ukimletea 900,000 usiku huu kijana anatoka kwa bondi, yaani dhamana ya polisi, na faili "litalala". Wewe umekuja hapa kuuliza kama bei ni ya kawaida, mdhamini anahitaji karatasi gani, na kama kweli serikali inataka kufuta dhamana. Nimesoma swali lako nikiwa kibandani, mteja amesimama mbele yangu na kopo la dagaa mkononi, nikashindwa kumpimia.

Bondi ya polisi Uganda haina bei. Ni bure. Si bure ya kusema tu, ni bure iliyobandikwa ukutani vituoni. Na wewe ndugu uliyemjibu "lipa tu yaishe, hapa Uganda ndivyo ilivyo", nakuomba kwa heshima uache. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi mwaka 2019, na aliyeniambia hakulala mahabusu hata usiku mmoja.

Mdogo wangu ni fundi wa pikipiki. Mteja alimwachia injini aifungue, baada ya siku mbili akaja mtu mwingine na polisi akisema injini ile ni yake, pikipiki yake iliibwa. Yule mteja hakuonekana tena. Mdogo wangu akaandikiwa kosa la kupokea mali ya wizi. Nilipopigiwa simu niliacha gunia wazi sokoni nikapanda boda mpaka kituoni, na hapo nje nikamkuta mtu kama huyo aliyekufuata wewe: koti la kijivu, bahasha ya kaki kwapani, viatu vinang'aa, anawasalimia maafande kwa majina. Nikamwita wakili kwa sababu alivaa kama wakili. Hakuwa wakili. Hakuwa chochote. Ni dalali wa shida za watu, anayeamka asubuhi kwenda kungoja mama atakayefika analia.

Alitaka 700,000. Nilimhesabia kwenye korido. Nyuma ya bega lake palikuwa na tangazo la polisi, nusu yake imefunikwa na kalenda ya mwaka uliopita, na neno lililobaki kuonekana lilikuwa moja la mwisho: bure. Nililiona. Nilikuwa nahesabu noti za elfu ishirini ishirini, macho yangu yakapita juu ya neno lile kama linamhusu mtu mwingine. Mdogo wangu akatoka jioni ile ile, nami nikaamini pesa imefanya kazi. Baadaye askari mmoja mstaarabu aliniambia bondi ilikuwa imeshaidhinishwa mchana, kabla sijafika. Nilinunua kitu kilichokuwa kimeshatolewa.

Lakini hiyo si hasara ninayotaka uione. Hiyo laki saba ningeisamehe.

Wiki mbili baadaye alipelekwa mahakamani akasomewa shtaka. Hakimu akampa dhamana: 500,000 taslimu, inayolipwa benki na kupewa risiti, pamoja na wadhamini wawili wa 3,000,000 kila mmoja bila kutoa fedha siku hiyo. Wadhamini ni mimi na mjomba wetu. Watu wengi hawaelewi hiyo ya pili. Hutoi kitu leo, unaweka sahihi kwamba mshtakiwa asipofika, mahakama itakudai wewe. Hakimu alituuliza mara mbili kama tumeelewa. Mjomba akaitikia kwa sauti ya kanisani, mimi nikatikisa kichwa. Tukapewa tarehe ya kurudi.

Siku tatu kabla ya tarehe hiyo, koti la kijivu likatokea kibandani kwangu. Akasema ameongea na watu wa ndani, faili linafungwa, inatakiwa 1,200,000 ya mwisho, na "msijisumbue kuja, mkija mtaharibu". Akanionyesha kwenye simu picha ya jalada lenye muhuri. Sikujua jalada la nani. Tukauza pikipiki ya mdogo wangu, ile aliyokuwa akiendea kwa wateja, tukampa. Siku ya kesi tukabaki nyumbani. Mama alichinja kuku, tukashukuru Mungu.

Asubuhi ile ile karani alisimama mlangoni mwa mahakama akaita jina la mdogo wangu mara tatu.

Hakimu akatoa hati ya kumkamata. Ile laki tano ya benki, ambayo kesi ikiisha unaiomba urudishiwe, ikataifishwa. Mimi na mjomba tukaandikiwa wito wa kueleza kwa nini tusilipe milioni tatu tatu tulizosainia. Barua ililetwa na mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akamkabidhi mjomba mbele ya wajukuu zake. Miezi minne baadaye, saa kumi na moja alfajiri, walimchukua mdogo wangu kitandani.

Tukaomba dhamana tena. Safari hii tulikuwa na wakili wa kweli, binti wa msaada wa kisheria, hakututoza. Hakimu akafungua faili akarudi nyuma kurasa chache. Nilikuwa benchi la mbele, niliuona mstari wenyewe kwa wino wa buluu, na wakili alitufafanulia baadaye: mshtakiwa hayupo, wadhamini hawapo. Basi. Sheria inamtaka hakimu ajiulize swali moja kubwa, huyu akitoka atarudi? Sisi tulikuwa tumeshamjibu kwa kutokuja. Na kaka, hapa ndipo ninapotaka usimame. Tungejitetea vipi? Tungesema hatukuja kwa sababu tulitoa rushwa ili faili life? Ukimpa dalali pesa unamkabidhi na ulimi wako. Yeye amekula, ametoweka, na wewe huwezi hata kumshtaki bila kujishtaki mwenyewe. Ndiyo biashara yake ilivyojengwa.

Dhamana ikakataliwa. Akakaa rumande miezi saba. Katiba inasema aliyewekwa rumande siku 60 kabla kesi haijaanza kusikilizwa, kwa makosa ambayo si ya Mahakama Kuu peke yake (yale mazito kama mauaji), lazima apewe dhamana. Haikumfaa, kwa sababu shahidi wa kwanza aliitwa wiki chache tu baada ya kukamatwa tena, kesi ikahesabika imeanza. Na kesi iliyoanza haina haraka. Leo shahidi mgonjwa, kesho hakimu yuko semina, keshokutwa gari la magereza halina mafuta.

Mwisho wa yote alileta kadi ya pikipiki yule mlalamikaji, wakili akaomba isomwe namba ya injini. Haikufanana na ya injini ile. Mdogo wangu akaachiwa huru. Hakuwa na hatia tangu siku ya kwanza, kaka. Kama tungefika tarehe ile, angekuwa nje muda wote, karakana imefunguliwa, kesi ingekufa kwa namba ile ile ya injini. Mjomba alijieleza, hakimu akampunguzia mpaka milioni moja, akalipa kwa awamu kwa kuuza ng'ombe. Mimi nilipunguziwa pia. Mjomba hajanisema hata neno, lakini nikienda kwake namsalimia nikitazama chini.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja na nitairudia mpaka mchoke: siku ya kesi, fika. Ukiambiwa imefungwa, fika. Ukiambiwa hakimu hayupo, fika, umwone karani, akuandikie tarehe mpya. Ukiambiwa mlalamikaji amesamehe, fika mkaseme mbele ya hakimu. Kesi haijaisha mpaka hakimu atamke na wewe usikie kwa masikio yako mwenyewe.

Sasa wale wanaoandika humu kwamba dhamana ndiyo inayoleta wizi, ifutwe. Nawaelewa zaidi ya mnavyodhani. Mdogo wangu alipotoka mara ya kwanza, majirani walikuja usiku kupiga mabati ya karakana kwa mawe wakisema "wamenunua kesi". Na tulikuwa tumejaribu kuinunua kweli! Siku ya hukumu yule mlalamikaji alinifuata nje, mtu mzima, shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, akaniambia: "Mama, niliambiwa mmelipa ili mtoke. Mtu asiye na kosa analipia nini?" Nilikosa jibu. Pikipiki yake ilikuwa imeibwa kweli, naye alikuwa anakuja kila tarehe kwa miguu. Pesa yangu ndiyo iliyomthibitishia kwamba mdogo wangu ni mwizi.

Watu wanamchoma kijana barabarani kwa matairi kwa sababu jana walimwona kituoni na leo wanamwona sokoni, na hakuna aliyewaeleza kwamba kutoka kwa dhamana si kushinda kesi. Dalali ndiye anayewafundisha kwamba ni kushinda. Mkifuta dhamana, dalali hafi, bei yake inapanda.

Kuhusu serikali, mleta mada: Rais Museveni alilipigia kelele jambo hili Septemba 2021, kwenye mhadhara wa kumkumbuka Benedicto Kiwanuka, akitaka watuhumiwa wa makosa makubwa kama mauaji wasipewe dhamana mapema. Nilishangaa mahali palipochaguliwa. Kiwanuka alikuwa Jaji Mkuu, akakamatwa na watu wa Amin mwaka 1972 humo humo Mahakama Kuu, asirudi tena. Haki ya kuomba dhamana bado imo kwenye ibara ya 23 ya Katiba, na mwaka 2022 mahakama ilitoa mwongozo wa kuwabana mahakimu wote wafuate vigezo vya aina moja. Kuomba ni haki yako, kupewa ni uamuzi wa hakimu. Kwa makosa ya Mahakama Kuu peke yake kuna siku 180, zilikuwa 360 mpaka marekebisho ya 2005, lakini hizo nazo zinahesabiwa kabla kesi haijapelekwa Mahakama Kuu. Ikishapelekwa, mtu anaweza kungoja zamu yake miaka. Karibu nusu ya walio kwenye magereza yetu ni watu wasiohukumiwa bado. Niliwaona siku za kupeleka sabuni, foleni ya akina mama na mifuko ya plastiki, kila mmoja ana hadithi ya mtu mwenye bahasha.

Mwizi akithibitishwa afungwe, mimi ni mfanyabiashara, nimeibiwa mara tatu. Lakini athibitishwe.

Haya, kijana wako. Amekamatwa Ijumaa, Katiba inawapa polisi saa 48 kumfikisha mahakamani. Leo ni Jumapili. Kesho saa mbili asubuhi uwe kituoni na mtu mzima mwingine, umwombe mkuu wa kituo bondi kwa mdomo wako, bila mtu wa kati. Beba kitambulisho chako cha taifa na nakala zake, na barua ya mwenyekiti wa LC1 yenye muhuri inayosema unakaa wapi. Sifa za mdhamini ni hizi kwanza: ajulikane alipo, awe na uhusiano na kijana, awe mtu ambaye kijana anamwogopa kumwaibisha. Usimweke rafiki yake wa kijiweni. Wakikataa bondi, uliza sababu, uliza anapelekwa mahakama gani na saa ngapi, ufike kabla ya gari. Kama huna pesa ya wakili, tafuta Justice Centres Uganda au ofisi ya msaada wa kisheria ya chama cha mawakili. Hakimu akitaka fedha taslimu, zinaenda benki, unarudi na risiti, na risiti hiyo unaitunza kama cheti cha kuzaliwa. Mimi yangu bado ninayo, ya laki tano isiyorudi, iko kwenye kopo la sukari.

Huyo mtu wa nje akikupigia usiku huu, usimtukane, usimjibu. Zima simu ulale.

Ukishapewa tarehe, iandike hapa kwenye uzi. Nitakukumbusha siku moja kabla, na asubuhi yenyewe nitakupigia.