Barua kwa mwanangu: karani alitukuta wawili

Mama Neema, mwanangu,

Ujumbe wako umefika. Unauliza kwa nini mimi na marehemu baba yako tulizaa saba wakati kihamba, hili shamba la ukoo lenye nyumba yetu, ni kile kile, na kama ni kosa wewe na mkwe wangu kuishia kwa wawili. Umeniletea na yule msomi wenu wa chuoni, Caldwell wa Australia, anayesema watu huzaa wengi pale mali inapotoka kwa watoto kwenda kwa wazazi, na ikigeuza njia, wanapunguza. Sawa. Ila kwanza nikwambie siku ya sensa.

Agosti 2022 alikuja karani, binti mdogo amevaa kizibao, kishikwambi mkononi. Akauliza nani walilala humu usiku wa kuamkia tarehe 23. Nikaanza: Aloyce, Veronika... Akanikatiza kwa adabu, "Bibi, waliolala humu." Tukabaki wawili, mimi na Paulo anayemkatia ng'ombe majani, naye kwao Singida. Nikamfungulia chumba cha wavulana aone vitanda vimetandikwa. Akatazama, hakuandika kitu. Umezaa watoto wangapi? Saba. Unaoishi nao? Hakuna. Wanaoishi kwingine? Sita. Akauliza na lile la tatu, nami nikasingizia chai inafurika, nikaenda jikoni. Chai sikuwa nimeinjika.

Sensa ya 1988 karani alikuwa mwalimu wa shule. Alitukuta kumi, bibi yenu na mtoto wa shangazi wakiwemo, wewe uko mgongoni, Deo bado tumboni. Aliandika mpaka akanyoosha vidole. Baba yako aliisimulia hiyo kilabuni mpaka mbege ikaisha.

Nilimwambia yule binti, serikali ije Desemba. Ije iwakute mmelala mpaka sebuleni, magari yamejaa hadi kwa jirani. Halafu nikajijibu mwenyewe: Desemba ni wiki mbili, ng'ombe anakula mwaka mzima.

Matokeo yalipotoka, nchi ilikuwa imetoka watu milioni 44.9 mwaka 2012 hadi milioni 61.7. Mkoa wetu wa Kilimanjaro ulitoka 1,640,087 hadi 1,861,934. Nchi imeongezeka zaidi ya theluthi, sisi hata asilimia 14 hatukufika. Ni kweli siku hizi tunazaa wachache, lakini pia watu wetu ni kama kahawa, wakiiva wanasombwa kwenda chini.

Na ulitaka wabaki wapi? Kihamba ni cha kifungua mimba na kitinda mimba, wa katikati wakajitafutie. Mkataba wa kahawa wa dunia ulipovunjika 1989 na bei ikaporomoka, baba yako akasema shule ndiyo kihamba chenu. Nikamwambia kihamba hicho hakina njia ya kurudia nyumbani. Akacheka. Lakini ng'ombe wawili wa ada niliwauza mimi, kwa hiyo simlaumu peke yake.

Mtoto si akiba. Nimelisema hili tangu mko wadogo. Sasa wewe utaniuliza bati hizi ni za nani. Za Veronika. Dawa za presha? Za Aloyce. Basi msomi wako ana haki yake. Lakini hesabu hiyo hatukuipiga. Mtoto alikuja, tukafurahi, akaja mwingine. Mtoto si akiba, hata kama bati ni za Veronika.

Deo, kitinda mimba wetu, mwenye nyumba hii kwa mila, yuko Leeds, Uingereza, anatunza wazee wa watu. Juzi kanifundisha kwa video namna ya kuinuka kitandani: geukia ubavu, shusha miguu kwanza, kisha sukuma kwa mkono. Nyonga haijauma tena. Alisema ndivyo anavyomwinua bibi mmoja wa huko kila asubuhi. Nikafurahi, nikakata simu, nikakaa.

Kuhusu wawili wenu, kuna neno liko mdomoni na silisemi. Ni lenu na mume wako. Ila wawili, mmoja akienda mbali... Nimesema silisemi.

Paulo ameomba ruhusa wiki mbili za Desemba, mama yake anamngoja Singida. Nimemkubalia. Mwambie mkwe wangu aje na buti, majani yako kule chini mfongoni, kwenye mfereji wa maji, na panga nimeshalinoa.

Mama yako